Haizimwi Mpaka Ikonyeze

Mke wangu haamini kitu mpaka kimjibu. Akinipigia simu, swali la kwanza ni, "Naongea na nani?" Anajua ni simu yangu, na sauti ni ileile iliyomtongoza ujanani. Nami hujibu, "Na mumeo, bado hujanibadilisha." Televisheni ikiwa inawaka na kila mtu anasinzia, husimama mbele yake, kidole tayari, na kuuliza, "Nizime?" Tukikaa kimya, hazimi. Siku moja nilijifanya nimelala ili nione itakuwaje. Alisimama pale mpaka nikashindwa mwenyewe.

Mimi ni fundi wa sofa, mtu wa gundi na nyundo. Kwangu, msumari ukiwa wa kupigwa unapigwa, hauulizwi. Ndiyo maana tabia hii imenichemsha damu miaka nenda miaka rudi. Kazini kwake wamempa jina, Mama Taa, na jina hilo halikuanguka kutoka juu.

Aliingia hospitali kuu akiwa binti, akaajiriwa kuwa karani wa simu. Enzi hizo palikuwa na ubao mkubwa wenye matundu, kila wodi na tundu lake. Simu ikiingia, unachomeka waya kwenye tundu linalohusika na watu wanaongea. Mkuu wake alikuwa mama mkali asiyecheka, na alimfundisha jambo moja: usiwaunganishe watu mpaka usikie sauti ya upande wa pili ikijitaja. Ukikosea tundu, habari ya msiba inamfikia mtu ambaye mgonjwa wake amekaa kitandani anakunywa uji. Wengine hushika dini. Mke wangu alishika neno hilo.

Ubao ulipong'olewa wakampeleka chumba cha kompyuta, kwa sababu tu hapakuwa na pengine pa kumweka. Walidhani atafagia na kupokea barua. Yeye akaanza kusoma. Jioni meza yetu ya chakula ikawa darasa: huku watoto na hesabu zao, huku mama yao na vitabu vyake vinene, na mimi nimefukuziwa barazani na redio yangu. Alifeli mtihani wa kwanza, akalia siku nzima, kisha akarudi mezani. Leo ndiye anayetunza seva za hospitali.

Seva, kwa jinsi nilivyoelewa mimi wa gundi na nyundo, ni kompyuta nene isiyo na kioo, inayokaa kwenye kabati la chuma na kuhudumia kompyuta zote za wodini. Ndani ya kila seva mna kimashine kingine kidogo, ambacho mke wangu hukiita mlinzi. Mlinzi ana umeme wake na waya wake, na halali. Seva ikizimwa, ikiganda, ikipandwa na wazimu, yeye yuko macho. Unaongea naye kwa maandishi matupu kwenye kioo cheusi, hakuna picha wala mshale wa kubofya. Unamwuliza joto limefika wapi, kama feni zinazunguka, kama umeme unaingia, anakujibu. Unamwamuru azime seva, anatii. Atakuuliza tu kama una hakika, na mtu mwenye haraka siku zote ana hakika.

Halafu kuna kitaa. Kila seva ina kitaa cheupe usoni, na mlinzi akiamriwa hukiwasha na kukizima, kukiwasha na kukizima, ili mtu aliyesimama kabatini ajue seva inayoongeleshwa ni ipi. Mke wangu husema inakonyeza. Na sheria yake ni hiyo: seva haizimwi mpaka ikonyeze, na mtu mwenye macho yake asimame mbele yake aseme, "Nimeiona." Wenzake wengi huona ni kupoteza muda. Mimi nimemwambia mara nyingi kwamba sijawahi kusikia mke wa mtu anakonyezwa kazini kila siku na mumewe akanyamaza.

Sasa nije kwenye ngiri yangu, maana bila hiyo nisingekuwa na la kusimulia.

Ukibeba makochi ya watu ngazi baada ya ngazi, mwili hukuletea hesabu yake. Kiuvimbe kilitokea kinenani, upande wa kushoto, nikakifanya siri. Nilikuwa nakirudisha ndani kwa kiganja na kuendelea na kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi niliumbuliwa na mke wangu, aliyenikuta nimelala sakafuni karakanani nimejikunja kama kamba. Daktari alinipima akakunja uso. "Mzee, hii imeanza kukwama. Ikijinyonga, utumbo unaoza humo ndani. Tuiondoe mapema."

Mapema ikawa ndoto. Mara ya kwanza nililazwa, maji yakakatika hospitali nzima, nikarudishwa nyumbani. Mara ya pili kompyuta zilizimika. Majibu ya damu hayaonekani, orodha ya wagonjwa haionekani, basi upasuaji wote usio wa dharura ukaahirishwa. Nilirudi nyumbani nimeshika tumbo, na kwa wiki kadhaa kila nikikohoa niliona kaburi langu. Nilikuwa naogopa. Sisemi nilikuwa na wasiwasi kidogo. Nilikuwa naogopa kama mtoto.

Kwa hiyo mara ya tatu, asubuhi, nimelala kitandani kwa gauni lile la hospitali lililo wazi mgongoni, jina langu likiwa la pili kwenye orodha, sikutaka kusikia habari nyingine yoyote duniani. Mke wangu alikuwa amechukua likizo akae nami. Laptopu yake alikuja nayo, eti kwa ajili ya picha za wajukuu. Kitanda cha jirani alikuwepo dereva mstaafu wa malori, mguu umening'inizwa, mdomo mzima kabisa.

Simu ikaita.

"Naongea na nani?" akauliza mke wangu.

Alikuwa mwenzake wa zamu, mwanamke mwembamba anayeitwa Sindano. Mke wangu akaweka simu kwenye spika ili mikono iwe huru, na hivyo wodi nzima tukawa wafanyakazi wa kompyuta.

"Mama Taa, nisamehe, najua uko na mgonjwa. Kiyoyozi cha chumba cha seva kimekufa. Fundi wake yuko juu ya ngazi lakini bado. Joto linapanda hapa, mimi natiririka jasho."

"Fungua milango yote."

"Nimefungua. Bosi anasema tuzime ile seva ya kumbukumbu za zamani, ndiyo inayotoa joto kuliko zote na leo hakuna anayeihitaji. Lakini imeganda, haisikii. Na kitufe chake kimefungwa kwa ufunguo, ufunguo anao bosi, bosi yuko kwenye mkutano upande wa pili wa mji."

"Basi ataizima mlinzi wake," akasema mke wangu, na tayari alikuwa amefungua laptopu magotini.

Hapo niliuliza swali ambalo mgonjwa yeyote angeuliza. "Mama, na seva ya upasuaji nayo iko humo humo?"

"Imo humo humo."

"Ikipata joto sana?"

"Inajizima yenyewe ili isiungue," akajibu bila kuniangalia.

Nikaelewa. Kama ile ya kumbukumbu haizimwi haraka, joto litapanda, seva ya upasuaji itajizima, na mimi nitavaa suruali yangu kurudi nyumbani mara ya tatu na utumbo uliokwama. Dereva naye alielewa, maana aliacha kutafuna.

Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaanza kushuka. Aliniambia baadaye alichokuwa akifanya. Nyaya za walinzi wote zimechomekwa kwenye kisanduku kimoja chenye matundu, na kila tundu lina jina la seva yake. Alichagua tundu la kumbukumbu, mlinzi akaitika, naye akaandika amri. Nikadhani ni amri ya kuzima, na imekwisha. Nikashusha pumzi.

"Sindano," akasema, "nenda kasimame mbele yake. Inakonyeza?"

Nilitamani kurusha mto.

"Bado," sauti ya Sindano ikasema. "Haikonyezi."

"Angalia vizuri, upande wa kushoto usoni."

"Naangalia, Mama Taa. Kitaa kimelala."

Sauti nyingine ikaingia, nzito na ya haraka. Alikuwa bosi wao, aliyejiunga kutoka mkutanoni. "Mama Taa, taa ya nini sasa hivi? Kitaa kinaweza kuwa kimeungua. Zima! Napata ujumbe wa joto kila ninapopumua."

"Bosi, haijakonyeza."

"Joto likifika pale juu zote zitajizima! Unataka wodi nzima ibaki gizani kwa sababu ya kitaa?"

"Sizimi nisichokiona," akasema mke wangu. Hakupandisha sauti. Lakini niliona shingo yake imekaza, na ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama anapotunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Na mimi, mume wake, niliyelala pale nusu uchi, badala ya kunyamaza nikasema kwa sauti ya karakana, "Zima tu mama! Kila kitu unataka kikujibu! Mimi hapa nakufa!"

Dereva akaguna. "Mzee, mwache mama afanye kazi yake. Mimi nimeendesha malori maisha yangu yote. Aliyeko kwenye usukani hapigiwi kelele."

Mke wangu alisogeza simu karibu na mdomo. "Sindano, tembea. Pita kabati baada ya kabati. Taa nimeiwasha, na mlinzi amekubali kwamba ameiwasha. Kama haiko hapo, iko mahali. Nitafutie inakokonyeza."

Tukasikia viatu vyake. Tukasikia feni za mashine zikilia. Bosi alikuwa anapumua kwenye simu. Nesi aliyekuja na kigari cha dawa alisimama katikati ya wodi, kikombe cha vidonge mkononi, asijue kwa nini watu wazima wote wamekodolea macho laptopu ya mama mmoja. Viatu vikasimama.

"Mama Taa." Sauti ya Sindano ilikuwa imeshuka. "Nimeiona. Inakonyeza huku mwisho. Inakonyeza kwenye seva ya upasuaji na maabara."

Mimi nilisikia baridi kuanzia nyayoni ikipanda. Yule mlinzi aliyekuwa mkononi mwa mke wangu, aliyekuwa tayari kutii neno moja, hakuwa wa kumbukumbu. Alikuwa wa upasuaji. Angeandika amri ile niliyomshinikiza aiandike, angeizima kwa mkono wake seva iliyobeba majibu yangu ya damu, zamu yangu, na mtu ambaye wakati huo huo alikuwa tayari amepasuliwa mezani.

"Ni mafundi wa kukodiwa," akasema Sindano, karibu kulia. "Walipohamisha makabati juzi. Wamechomeka hizi nyaya mbili kila moja kwenye tundu la mwenzake. Nilikagua kwamba walinzi wote wanaitika, nikaona wanaitika, nikaridhika."

"Walikuwa wanaitika kweli," mke wangu akasema taratibu. "Hukumwuliza kila mmoja yeye ni nani, basi. Usilie sasa, tutalia baadaye. Joto?"

"Linazidi."

Alizima kitaa kile, akatoka kwenye tundu lile kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Akaingia tundu la upasuaji, ambalo sasa alijua ni la kumbukumbu. Hata hivyo, hakuzima. Aliwasha kitaa, na safari hii sikutamani kurusha mto. Nilikuwa namwombea.

"Sindano, rudi pale kwanza. Inakonyeza?"

"Inakonyeza! Nimeiona!"

"Uko mbele yake?"

"Niko mbele yake, nimeishika kabisa kwa mkono."

"Nizime?"

Swali lile lile la sebuleni kwangu. Wodi nzima ikajibu kabla ya Sindano: mimi, dereva, nesi na vidonge vyake, na mzee mmoja wa kitanda cha mlangoni ambaye nina hakika hakujua tunazima nini. "Zima!"

Akaandika. Mlinzi akauliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Kwenye simu tukasikia mlio mmoja kati ya milio ile ukishuka, ukishuka, ukakatika.

"Imelala," akasema Sindano. Baada ya kitambo akasema tena, "Joto limesimama. Halipandi." Na baadaye kidogo, fundi kiyoyozi akapiga kelele ya furaha huko juu ya ngazi, na Sindano akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Linashuka, Mama Taa! Linashuka!"

Tulidhani bosi amekata simu. Kisha akasema, "Mama Taa, nimetoka nje ya mkutano, nimekaa chini kwenye ngazi za watu." Akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Mungu akuweke. Nyaya zile asiziguse mtu mpaka nije. Mwambie mgonjwa wako pole."

"Amesikia," akasema mke wangu. "Mgonjwa wangu husikia kila kitu, ila hasikilizi."

Hapo dereva alicheka mpaka mguu wake ukayumba hewani, nesi akamkemea. Mimi nilicheka pia, nikishika ngiri yangu isije ikacheka na kutoka. Raha iliyonishika siwezi kuieleza. Mtu aliyekuwa na hofu ya wiki kadhaa, ikimtoka yote kwa mkupuo, hujisikia mwepesi hata akilala kitandani hospitalini. Mke wangu alifunga laptopu. Nikaichukua mikono yake yote miwili nikaishika. Nikamwambia, "Pole kwa kelele zangu." Akasema, "Nimezizoea. Na wewe bado ni wa pili kwenye orodha."

Nesi akaja na kalamu nene ya wino wa buluu.

"Jina lako kamili?"

Unalijua jina langu, nilitaka kusema. Umeniita kwa hilo tangu jana, na limeandikwa kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikajibu jina langu kamili.

"Unafanyiwa nini leo?"

"Ngiri."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Nionyeshe kwa mkono wako mwenyewe."

Nikaonyesha. Akafunua gauni na kunichorea mshale mkubwa kwenye paja, mbele ya dereva na ulimwengu. Kisha akauliza yote tena, jina, ngiri, upande. Wiki moja kabla ya hapo ningemwuliza kama ana matatizo ya kusikia. Nilimjibu tena, polepole, kama mtoto wa shule. Mke wangu alikuwa anatazama mshale ule, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Na wao wana taa yao," akasema.

Walikuja kunichukua na kitanda cha magurudumu. Kwenye korido ile ndefu alitembea pembeni yangu mpaka kwenye mstari mwekundu sakafuni, ambapo ndugu hawavuki. Pale uoga ukanirudia. Ngiri ni kitu kidogo kwa anayeikata. Kwa anayekatwa ni mlango asioujua nyuma yake. Nikamshika mkono nisimwachie.

"Ukitoka," akasema, "watakuwa wamekufunika mpaka kidevuni, na kofia kichwani. Wote mnafanana mkitoka huko. Nitajuaje ni wewe?"

"Nitakukonyeza," nikasema.

Akacheka, akaachia mkono, nikasukumwa ndani. Waliniuliza jina langu mara nyingine mbili humo. Nilijibu zote.

Sikumbuki zaidi. Ninachokumbuka ni taa za dari zikipita juu yangu moja baada ya nyingine, mdomo umekauka, ulimi mzito kama gunia lenye mchanga. Nilipapasa chini ya shuka. Bandeji ilikuwepo, upande wa kushoto. Kulia palikuwa pazima. Magurudumu yakavuka kitu sakafuni, kitanda kikasimama.

"Subiri kwanza," nilisikia sauti ikimwambia msukuma kitanda. "Huyu ni nani?"

Msukuma kitanda akasoma jina kwenye karatasi. Sauti ikasema, "Hilo nimelisikia. Nangoja anijibu mwenyewe."

Kope zangu zilikuwa zimeungana kwa usingizi wa dawa. Nilijaribu kusema, sauti ikagoma. Nikakusanya nguvu zote nilizobakiwa nazo, nikafungua macho yote mawili, kisha nikafumba moja.

"Nimekuona," akasema mke wangu, na akamruhusu msukuma kitanda aendelee.